Kiziwi Anaposhitaki: Nani wa Kumpokea?

Kila inapozuka habari ya kiziwi aliyetendewa uovu kwa muda mrefu pasipo mtu kujua, swali la kwanza linaloulizwa na watu wema, tena kwa moyo safi, ni kwa nini hakusema. Na kwa kuwa swali hilo lina majibu mengi yasiyopatana, rai za watu hutawanyika papo hapo. Mmoja husema kwamba shuleni hakufundishwa kuijua hatari. Wa pili, kwamba namba za msaada zimetengenezwa kwa ajili ya wenye kusikia. Wa tatu hulaumu mahakama kwa kukosa mkalimani. Wa nne huwaelekea wazazi. Na wa tano, ambaye aghalabu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, hushikilia kwamba sheria njema zipo tele na kilichobaki ni kuzitekeleza. Kila mmoja ana fungu lake la kweli. Walakini kila rai hutolewa kana kwamba yatosha peke yake, na zikifuatwa bila ya kupangwa huzaa juhudi ambazo zaweza kumdhuru yule yule aliyekusudiwa kuokolewa. Kadhia hii yafaa itazamwe kwa utulivu, tangu mizizi yake, kwa kuzingatia zaidi hali ya Tanzania na Kenya, na kwa kuchukua ibra kutoka nchi nyingine pale ambapo yaliyotokea huko yanatuhusu.

Mizizi ya kutotambua

Mtoto mwenye kusikia hujifunza habari za hatari bila ya kufundishwa. Akicheza uani husikia shangazi zake wakinong'onezana habari za bwana fulani asiyeaminika mbele ya watoto. Husikia redio ikisimulia kesi. Husikia mama akimkaripia dada kwa kupokea zawadi ya mtu ajnabi. Na kutokana na vipande hivyo, pasipo mwalimu wala ubao, hupata kujua ni nani wa kuaminiwa na nani wa kuepukwa, jambo gani halipasi kutendwa juu ya mwili wake, na mlango gani wa kukimbilia yatakapomfika. Mtoto kiziwi aliyezaliwa na wazazi wenye kusikia, na hao, kwa utafiti uliofanywa Marekani, ni zaidi ya 90 katika kila watoto viziwi 100, huona midomo ikicheza na watu wakicheka, naye akiuliza kuna nini huambiwa kwa mkono angoje, ataelezwa baadaye. Na hiyo baadaye aghalabu haiji.

Nyumbani humo hutumika alama chache zilizobuniwa na jamaa wenyewe: kula, lala, njoo, leta, acha. Zatosha kwa kuagizana. Hazitoshi kwa kueleza kwamba jambo lilitendeka juzi wala si leo, kwamba lilitendwa kwa nguvu, kwamba mtendaji alitoa kitisho, au kwamba alisema hii ni siri yetu sisi wawili. Asiye na alama ya kutofautisha siri njema na siri mbaya hawezi kulaumiwa kwa kuitunza mbaya; na asiyepata kuambiwa kwamba watu wengine hawafanyiwi hivyo hudhani kwamba ndivyo dunia ilivyo. Katika mwambao wetu, ambako mafunzo ya utu uzima yalikuwa na bado kwa sehemu ni amana ya kungwi na somo, yenye kutolewa kwa maneno ya mafumbo na nyimbo za ndani, msichana kiziwi aweza kuwapo katika sherehe tangu mwanzo hata mwisho na akatoka na vazi jipya bila ya elimu iliyokusudiwa.

Shule zilitazamiwa kuliziba pengo hili, na kwa miongo mingi hazikuweza, kwa sababu ya uamuzi uliofanywa mbali na kwetu. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, ambao takriban wajumbe wake wote walikuwa wenye kusikia, ulipitisha kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka na kusoma midomo, na lugha ya alama iondolewe madarasani. Shule za mwanzo za Afrika Mashariki zilirithi fikra hiyo, nayo ndiyo zilizoifuata kwa miaka mingi, hata vyama vya viziwi, CHAVITA kwa Tanzania na KNAD kwa Kenya, vilivyozaliwa katika miaka ya 1980, vikaanza kudai lugha yao irejeshwe. Mkutano wa aina ile ile ulipokutana Vancouver mwaka 2010 ulieleza majuto yake juu ya azimio la Milan. Lakini majuto ya mwaka 2010 hayakuwafaa watoto wa vizazi vilivyopita, waliokaa bwenini mwaka mzima na mlezi wasiyeweza kumweleza hata kwamba tumbo linauma.

Athari ya kunyimwa lugha ilidhihirika kwa namna ya kutisha huko Mendoza, Argentina, katika taasisi ya Provolo ya watoto viziwi, ambamo wanafunzi walizuiliwa kutumia alama na kulazimishwa kutamka. Mwaka 2019 mapadri wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 42 na 45 kwa kuwanajisi watoto hao. Jina la mmoja wao lilikuwa limekwisha kutajwa na viziwi wa taasisi mama ya Verona, Italia, kabla ya polisi kuingia mwaka 2016. Basi viziwi wa Verona walitambua, wakasema, tena kwa ushujaa. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapokea maneno yao na kuyafanyia kazi. Jambo hili nalitaja mapema kwa sababu ndipo hasa watu wanapopotea njia: wanaposikia kwamba kiziwi hakusaidiwa, hudhani kwamba hakusema.

Hadhari nyingine yafaa kuwekwa hapa. Viziwi si kundi la namna moja. Yuko aliyepoteza kusikia ukubwani, mwenye Kiswahili kamili na uwezo wa kuandika barua. Yuko aliyesoma katika shule ya viziwi, ambaye lugha ya alama ndiyo lugha yake na Kiswahili cha maandishi ni cha pili. Na yuko aliyekulia kijijini bila ya shule, mwenye alama za nyumbani pekee, zinazofahamika na mama yake na pengine ndugu mmoja. Dawa inayomfaa wa kwanza yaweza kuwa haina maana yoyote kwa wa tatu, na mipango mingi, kwa bahati mbaya, huandikwa kwa kumfikiria wa kwanza.

Rai ya elimu

Wenye kutanguliza elimu wana hoja yenye nguvu. Utafiti uliofanywa kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, ukachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012, ulikadiria kwamba watoto wenye ulemavu wa aina zote hupatwa na ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao. Na hao wenzao nao hawako salama: uchunguzi wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamepatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, umetaka katika ibara yake ya 16 kwamba watu hawa na jamaa zao wapewe elimu ya kuepuka, kutambua na kushitaki dhulma. Mtoto aliyefundishwa majina ya viungo vyake vyote kwa alama zilizo wazi, aliyeonyeshwa kwa michoro na maigizo kwamba mtu mzima hana haki ya kumgusa mahali fulani, na aliyepewa ruhusa ya kukataa hata mbele ya mkubwa, ana silaha ambayo mwenzake hana.

Elimu hiyo humfaa na mtu mzima, kwa sababu ziko dhulma zinazomhusu kiziwi kwa namna ya pekee ambazo yeye mwenyewe aweza kudhani ni desturi tu: mume anayemnyang'anya simu, ambayo kwake ndiyo mdomo na sikio, ndugu anayempokelea ujira na kumpa anachotaka, jamaa anayemfasiria kwa uongo mbele ya daktari, mtu anayemtisha kwamba hakuna atakayemwamini kwa kuwa hasemi.

Kasoro ya rai hii haimo katika mafunzo, imo katika kituo yanapokomea. Kumfundisha mtoto kutambua na kusema, kisha kumwacha aende kusema mahali pasipo mtu wa kumfahamu, ni kumwongezea hatari; maana mtendaji akijua kwamba mtoto amejaribu kutoa siri na hakueleweka, adhabu humrudia mtoto huyo usiku ule ule, naye hujifunza funzo la pili lenye nguvu kuliko la kwanza, kwamba kusema hakufai. Zaidi ya hayo, wakufunzi wengi wenyewe huona haya kuonyesha kwa mikono jambo ambalo kwa maneno lingesitiriwa. Lugha ya alama huchora. Mara nyingi haina pazia la tafsida kama Kiswahili, na mwalimu mwenye staha hulikwepa somo, au hulifundisha kwa mbali kiasi ambacho mwanafunzi halipati.

Rai ya simu

Kwa ufupi, rai hii yasema: wekeni njia ya ujumbe na video, na kiziwi atajisemea mwenyewe. Ufaransa ilianzisha namba 114 mwaka 2011 kwa wasiosikia. Uingereza, mwezi wa Juni mwaka 2022, iliwawezesha viziwi kuita msaada wa dharura kwa video kupitia mkalimani. Kwetu namba 116 ya watoto, katika Tanzania na Kenya, na 1195 ya ukatili wa kijinsia nchini Kenya, zimejengwa kwanza juu ya sauti, hata pale ambapo njia za maandishi zimeongezwa pembeni. Kwamba dosari hiyo irekebishwe, hapana mwenye akili atakayepinga.

Lakini simu humfaa kwanza aliyekwisha kupata mengi: bando, umeme, uwezo wa kusoma, na faragha ya kuishika simu bila ya kuangaliwa. Kiziwi wa kundi la pili, mwenye Kiswahili cha kuazima, aweza kuandika mathalan "mjomba usiku chumba mimi hapana", na askari asiyejua kwamba hiyo ni nahau ya lugha nyingine iliyovishwa maneno ya Kiswahili ataona ni upuuzi wa mlevi. Tena simu hiyo hiyo ndiyo siku hizi chombo cha vitisho: picha ya aibu iliyopigwa kwa hila hutumwa katika makundi ya viziwi, jumuiya ndogo ambamo wengi hujuana tangu shule, na mwenye picha humtawala aliyepigwa kwa miaka.

Rai ya sheria na mkalimani

Hapa ndipo penye mambo mengi zaidi, na ndipo panapostahili kukaliwa kwa muda.

Kenya, katika katiba yake ya mwaka 2010, imeiahidi Lugha ya Alama ya Kenya ukuzaji na matumizi, na kuifanya miongoni mwa lugha rasmi za bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria za ushahidi za nchi zote mbili, zenye asili yake katika sheria ya India ya mwaka 1872, humruhusu shahidi asiyeweza kusema kutoa ushahidi kwa maandishi au kwa ishara, mbele ya mahakama ya wazi, na ushahidi huo huhesabiwa sawa na wa mdomo. Tena katika makosa ya kujamiiana mahakama za nchi zote mbili zaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyedhulumiwa pekee, ikiwa hakimu ameridhika kwamba mtoto huyo asema kweli. Kwa karatasi, basi, msichana kiziwi asiye na shahidi mwingine aweza kupata haki. Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba sheria zatosha.

Hazitoshi, na tazama sababu. Kwanza, sheria zetu zilitungwa kwa kumwogopea mshitakiwa asihukumiwe bila ya kufahamu. Katiba ya Kenya, ibara ya 50, yampa mshitakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Lakini kwa mlalamikaji yasema kwamba mahakama yaweza, kwa maslahi ya haki, kuruhusu msaidizi wa kumwezesha kuwasiliana. Kwa mmoja ni haki, kwa mwingine ni hiari ya hakimu. Hofu ya kumwonea mshitakiwa ni hofu tukufu, wala sitaki mtu aipunguze. Nataka tu mizani iwe na sahani mbili.

Pili, sheria hizi huanza kazi mahakamani, ilhali kesi nyingi za viziwi hufa kabla ya kufika huko. Hufia kaunta ya kituo, mahali pa wazi, ambapo askari wa zamu huuliza nani atamfasiria huyu, na anayejitokeza ni jamaa aliyemleta. Tufikiri maana yake. Ukatili mwingi hutendwa na watu wa karibu. Kwa hiyo mtu anayesimama katikati ya kiziwi na askari aweza kuwa mtendaji mwenyewe, au ndugu yake, au mama aliyekwisha kuambiwa kwamba jambo hili likitoka nje nyumba itavunjika. Kinachoandikwa katika maelezo ni kile alichotaka huyo kiandikwe. Kiziwi hutia dole gumba juu ya maneno asiyoyajua. Na siku ya kesi, akija kueleza ukweli mbele ya mkalimani wa haki, wakili wa upande wa pili huyasoma maelezo yale na kuuliza kwa nini yanapingana na anayoyasema leo.

Tatu, ukalimani ni elimu, nayo ina mitego. Kiziwi anapoitikia kwa kichwa mbele ya mtu anayemzungumzisha, mara nyingi maana yake ni kwamba anafuatilia, wala hajakubali. Askari huandika kwamba amekubali. Nyusi zilizoinuliwa na uso uliokunjwa ni sehemu ya sarufi ya lugha ya alama, kama vile sisi tunavyopandisha sauti mwisho wa swali. Hakimu aliyezoea kupima ukweli kwa haiba ya shahidi huona hasira au uigizaji. Na mkalimani aliyesoma miezi michache, mwenye kujua alama za darasani, hujikuta mbele ya mtu wa alama za nyumbani hawezi kitu. Kwa mtu wa namna hiyo njia iliyothibitika katika nchi kadhaa ni kuweka wakalimani wawili: kiziwi hodari, mwenye mazoea ya kuwasiliana na viziwi wasiosoma, huyatoa maelezo kwa mwenye alama za nyumbani na kuyatia katika lugha ya alama iliyo kamili, na mwenye kusikia huyatoa hapo na kuyatia katika Kiswahili. Njia hii ni ghali na ya polepole, wala mawakili wa utetezi hawana makosa wanapouliza ni kiasi gani cha maneno kimepotea au kuongezwa njiani.

Nne ni faragha. Wakalimani ni wachache, nao huishi ndani ya jumuiya ile ile ya viziwi. Anayekufasiria leo kituoni ndiye aliyefasiri jana katika harusi ya mtu unayemshitaki. Pengine ni mwalimu wa shule ambayo mkuu wake ndiye mshitakiwa. Hata bila ya ufisadi wowote, mtu aliyekwisha kufedheheshwa mara moja huogopa kufedheheshwa tena. Na alama huonekana: si rahisi kunong'ona katika lugha ya mikono, na benchi la barazani mbele ya dirisha si mahali pa kutolea siri ya mwili.

Rai ya viziwi kwa viziwi

Mwaka 1986 huko Seattle, Marekani, Marilyn Smith, mwanamke kiziwi aliyepata yeye mwenyewe kudhulumiwa, alianzisha shirika la kuwasaidia wanawake viziwi waliopatwa na ukatili, likiendeshwa na viziwi kwa lugha yao. Fikra yake ni nyepesi na nzito kwa pamoja: mtu aliyetiwa fadhaa asitakiwe kwanza kumfundisha mwenye kumsaidia namna ya kuzungumza naye. Anafika, anaelewa, anaeleweka, na hofu ya kwanza inaondoka kabla ya neno la polisi kutajwa.

Faida yake haina mjadala. Kiziwi aliyemwona kiziwi mwenzake akiwa mshauri, akiandika, akimpigia afisa ustawi wa jamii kupitia mkalimani na kusikilizwa, hupata somo ambalo hakuna bango liwezalo kulitoa. Kwetu vyama vipo, na matawi yake yamefika mikoani na katika kaunti. Lakini tusivitwishe taklifa bila ya nyenzo. Vyama hivi hutegemea kujitolea na misaada inayokuja kwa mradi na kuondoka kwa mradi, na serikali ikiona kwamba viziwi wanasaidiana yaweza kujivua wajibu wake. Tena dhulma iko ndani ya jumuiya ya viziwi vilevile, na mtuhumiwa aweza kuwa kiongozi anayependwa. Katika umati mdogo namna hiyo, kumshitaki mmoja ni kujitenga na wote, na kwa mtu ambaye lugha yake yasemwa na hao tu, kutengwa nao ni karibu sawa na kuzikwa hai.

Rai ya wajibu wa jirani

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 humfaradhisha kila mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki azipeleke kwa serikali ya mtaa. Wenye rai hii husema kwamba mzigo usibebeshwe kiziwi, ubebwe na wenye macho na masikio walio karibu naye. Ni insafu. Shida ni kwamba walio karibu ndio wenye cha kupoteza. Katika shule ya viziwi ya Inhwa, huko Gwangju, Korea ya Kusini, ambako wanafunzi walinajisiwa na watumishi wa shule tangu mwaka 2000, jambo hilo lilifichuliwa mwaka 2005, adhabu zikawa hafifu, na hadi riwaya ya mwaka 2009 na filamu ya mwaka 2011 zilipowatia watu ghadhabu ndipo shule ikafungwa na sheria ikaondoa ukomo wa muda wa kushitaki makosa kama hayo yanapotendwa kwa watoto wadogo na wanawake wenye ulemavu. Kwetu kikwazo kikubwa zaidi ni suluhu za kifamilia: wazee wa pande mbili hukaa, fidia hutolewa, mapatano hufikiwa, na aliyetendewa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kikao kinahusu nini, huona tu kwamba mtendaji amerudi na kukaribishwa chai. Kwa mtu mzima, aidha, wajibu huu una upande wa giza: kumshitakia bila ya ridhaa yake ni kumfanya mtoto mara ya pili.

Mizani

Zikipimwa pamoja, rai hizi hazishindani kwa thamani, zashindana kwa zamu. Fedha ni chache, na kinachotangulia hula sehemu kubwa. Kwa desturi kinachotangulizwa ni kile chenye kuonekana: namba mpya, programu ya simu, kampeni ya shule yenye fulana na mabango. Naamini mpango huo umepinduka, na kwamba la kwanza liwe ni kumtengeneza mpokezi, yaani kaunta ya polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, mhudumu wa afya ajazaye fomu ya polisi ya majeruhi, PF3 ya Tanzania au P3 ya Kenya, na karani wa mahakama, kabla ya kuwahimiza viziwi waende huko kwa wingi.

Mambo ya kutangulizwa hayahitaji sheria mpya. Iwekwe katika kanuni za polisi kwamba jamaa, mwajiri au mwalimu wa mlalamikaji asifasiri maelezo ya shitaka la ukatili, hata ikiwa hakuna mwingine siku hiyo. Afadhali kuchelewa siku mbili, mtu akiwekwa mahali pa hifadhi, kuliko maelezo ya uongo yatakayomfunga milele. Maelezo ya kwanza yarekodiwe kwa video, kwa kuwa lugha ya alama haina maandishi ya kawaida na karatasi haiwezi kuihifadhi. Sheria ya Tanzania imekwisha kukubali ushahidi wa kielektroniki. Kila wilaya iwe na orodha ya wakalimani wasiopungua wawili, wa jinsia zote mbili, mmoja wao akitoka wilaya nyingine kwa ajili ya faragha, na ujira wao utoke katika fungu la mahakama na polisi, si mfukoni mwa aliyedhulumiwa. Hapo ndipo simu ya video itakapopata kazi yake ya haki: kumleta mkalimani wa Dodoma au Kisumu katika chumba cha kituo kisicho na mkalimani, kazi nyepesi kuliko kumtaka kila kiziwi awe na bando usiku wa hatari.

Ataniuliza mtu: je, tumnyime mtoto elimu mpaka askari wawe tayari? La hasha. Afundishwe leo, lakini aelekezwe kwa mtu anayejulikana kwa sura wala si kwa jina la idara. Katika kila shule ya bweni awepo mtu mzima kiziwi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, asiye chini ya mkuu wa shule katika jambo hilo, mwenye haki ya kumwendea afisa ustawi wa jamii moja kwa moja. Na ukaguzi wa mabweni ufanywe na watu wa nje wanaojua alama, kama ibara ya 16 ya mkataba ule wa Umoja wa Mataifa inavyotaka kwamba taasisi za watu wenye ulemavu zisimamiwe na mamlaka huru. Mkuu mwema ataona huo ni usumbufu kwa shule yake, na kwa kweli utakuwa usumbufu. Gwangju na Mendoza zaonyesha gharama ya kuukwepa.

Sambamba na hayo, kwa kuwa matunda yake huchukua miaka, wazazi wa mtoto aliyegunduliwa kuwa kiziwi wafundishwe alama tangu kliniki, na baba asisamehewe somo hilo kwa kisingizio cha kazi. Mtoto awezaye kumwambia mama yake jioni yaliyompata mchana anahitaji polisi mara chache zaidi kuliko mtoto yeyote mwingine anayezungumziwa hapa.

Wanabaki wale wa kundi la tatu, watu wazima wa vijijini wenye alama za nyumbani, ambao hawatafikiwa na shule wala simu wala somo la kliniki. Kwao sioni njia ya mkato. Wanahitaji jirani na sheha au mwenyekiti wa kijiji anayekataa suluhu ambayo kiziwi mwenyewe hakuielewa, mkalimani kiziwi atakayekubali kukaa nao siku tatu au nne ili kujifunza alama zao kabla ya kuuliza swali la kwanza la kesi, na hakimu atakayeahirisha shauri kwa subira ili hayo yafanyike. Kazi hiyo itaendelea kuwa ghali na ya polepole hata mengine yote yakisahilishwa, na katika bajeti ya haki yafaa iandikwe kwa jina lake tangu sasa, isije ikawa ya kwanza kukatwa.